Fishai ya bei nafuu kwa Nikon D5300: usilipie otofokasi ambayo kamera yako haiwezi kuitumia

Swali lililonifikia nalifupisha hivi: "Kaka habari za kazi. Mimi niko Unguja, natumia Nikon D5300 na ile 18-55 iliyokuja nayo. Napiga vichochoro vya Mji Mkongwe, napiga mafundi wa majahazi Nungwi, na safari hii nataka niende Mwaka Kogwa Makunduchi niingie katikati kabisa ya watu. Nimetenga laki 5 kwa ajili ya fishai, ile lenzi ya jicho la samaki inayoona pana mno. Kuna jamaa ana kile cha kufunga mbele ya lenzi anakitoa kwa elfu 60, mwingine ana Nikon 10.5mm anataka laki 8 na nusu, na kuna Samyang 8mm naiona inauzwa laki 3 na elfu 80 ila watu wananiambia haina otofokasi nisijisumbue. Halafu kuna mwenye homstei kasema nikipata lenzi pana atanipa kazi ya vyumba vyake. Nichukue ipi?"

Mdogo wangu, habari ni nzuri, pole na wewe kwa kuhangaika. Chukua Samyang. Ila siyo Samyang yoyote, na kabla hujatoa hata shilingi igeuze uiangalie mgongoni, maana hapo nyuma ndipo panapoamua kama umepata lenzi au umejitafutia mzigo. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na hilo la otofokasi, yaani kamera kujitafutia ukali wa picha yenyewe, maana ndilo linalowafanya watu wengi wakimbilie lenzi za bei mbaya bila sababu.

Fishai ni lenzi fupi mno, hii ya Samyang ni milimita 8. Lenzi ikishakuwa fupi hivyo kila kitu kinakuwa kikali chenyewe, cha karibu na cha mbali kwa pamoja. Hesabu yake ni fupi: unachukua 8 mara 8 unapata 64, unagawanya kwa apecha, yaani ile namba ya f ya upana wa tundu la mwanga, tuseme f/8, halafu unagawanya tena kwa 0.02 ambayo ndiyo doti kubwa kabisa kwenye sensa ya kamera yako ambayo jicho bado linaiona kama nukta kali. Unapata 400, yaani milimita 400, sentimita 40. Maana yake ukiweka fokasi mbali kabisa, kule kwenye infiniti, ukaweka f/8, kila kitu kuanzia sentimita 40 mbele ya kamera mpaka mawinguni kiko sawa. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa lenzi ya 50mm, f/8 ileile, unapata mita 15 na ushee. Ndiyo maana kwenye 50mm bila otofokasi unateseka, na kwenye 8mm unaweka fokasi asubuhi unaibandika selotepu na mpaka jioni hujaigusa. Watu wanaokwambia usijisumbue wanazungumza kwa uzoefu wa lenzi za kawaida, sikatai uzoefu wao, lakini kwa fishai hauhusiki.

Halafu kuna jambo la D5300 yenyewe. Hiyo bodi ni nzuri, sensa ya megapikseli 24, siwezi kukwambia uiuze, lakini Nikon waliitoa bila mota ya fokasi ndani. Lenzi ya Nikon ya aina ya AF tupu, isiyo na S wala P mwishoni, inategemea mota ya bodi, na Nikon 10.5mm ni mojawapo. Kwa hiyo ile ya laki 8 na nusu ukiifunga kwenye D5300 utazungusha fokasi kwa mkono vilevile kama Samyang! Kipimo cha mwanga kitafanya kazi, apecha utaibadilisha kwenye bodi, hayo yote sawa, lakini otofokasi haipo. Sisemi ni lenzi mbaya, ni nzuri sana, ni ndogo, inafungua f/2.8, na inakaribia kitu mpaka sentimita 14 jambo ambalo Samyang haiwezi, ila kama ungekuwa na D7000 au D7200 zenye mota ningekwambia tujadiliane bei na huyo jamaa. Kwa bodi uliyo nayo unalipa zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya hizo hela inaenda kwenye kitu ambacho kamera yako haiwezi kukiendesha.

Sasa turudi kwenye mgongo wa Samyang. Hii lenzi Samyang waliitengeneza kwa ajili ya kamera za Nikon katika namna mbili. Ya kwanza haina chipu, ni vioo na chuma tu. Ya pili ina chipu na huandikwa AE. Kwa mtu wa Canon hilo halimsumbui sana kwa sababu bodi zao zinapima mwanga hata kwa lenzi isiyo na umeme wowote, lakini Nikon za daraja lenu, D3000 mpaka D5000 na wadogo zao wote, zikifungwa lenzi isiyo na chipu zinazima kipimo cha mwanga kabisa, inabaki M tupu, ile ya kuweka kila kitu kwa mkono, na wewe unakisia. Ukiigeuza lenzi nyuma angalia pembeni ya ile bati ya kufungia, kama kuna vidoti vya rangi ya dhahabu vimejipanga mstari, hiyo ndiyo yenyewe. Kama ni bati tupu, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia mpaka laki 2.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limenikuta. Fishai yangu ya kwanza niliichukua bila chipu, nilikuwa na D3100, muuzaji alinihakikishia inaingia kwenye Nikon na kweli iliingia, ikafunga kabisa. Nikaenda nayo kwenye sendofu Temeke. Nje kulikuwa na jua nikapiga picha mbili tatu za gari la bi harusi nikaona ziko safi, nikaingia ukumbini na zilezile setingi za juani, na kwa sababu kipimo kilikuwa kimezimwa hakuna kitu kilichoniambia nimekosea. Bi harusi anaingia, mama yake analia, mashangazi wanamtandikia khanga chini apite, mimi napiga tu. Nilipokuja kuangalia, picha zile zote nyeusi, unaona taa za ukumbi na meno basi. Ile dakika ya kuingia haikurudi na yule mama nilimwomba radhi mara mbili. Kwa hiyo nikisema vidoti vya dhahabu siyo utaalamu wa kujionyesha, naomba uvitazame kwa macho yako.

Ukishaipata ya AE, ile ringi ya apecha iliyoko kwenye lenzi izungushe mpaka 22 uiache hapohapo daima, apecha utaibadilishia kwenye bodi. Usipofanya hivyo skrini itakuandikia FEE na kamera haipigi, wengi wanadhani lenzi imekufa wanairudisha. Haijafa, ni ringi tu imeteleza.

Kingine cha kujua ili usipoteze nafasi ya bei nzuri: Samyang ni kampuni ya Korea Kusini na lenzi hii imeuzwa kwa majina kibao. Marekani utaikuta kama Rokinon, Ujerumani Walimex, na kuna Bower na Opteka, na Vivitar ambao wao wameamua kuiandika 7mm badala ya 8mm ingawa ni lenzi ileile. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina la Samyang peke yake unaziacha nyingi zinazouzwa rahisi na mtu ambaye hajui alicho nacho, mzungu kamaliza likizo anataka kupunguza mizigo, jamaa karudi kutoka Muscat na begi la kamera la binamu yake, hizo ndizo sehemu zenyewe. Kuna toleo la pili ambalo hudi yake, ule ukingo wa kukinga jua mbele ya kioo, inatoka, la kwanza hudi imeganda. Kwa D5300 haina tofauti, chukua lolote. Hudi inayotoka inamsaidia mtu atakayehamia fulufremu, kamera zenye sensa kubwa, baadaye kwa sababu ile iliyoganda inaonekana kwenye picha.

Kile cha kufunga mbele ya lenzi cha elfu 60 achana nacho. Najua elfu 60 inavutia, na watakuonyesha picha kwenye skrini ya kamera na utaona duara, utaona kupinda, utasema si ndiyo hii hii. Ikuze hiyo picha. Katikati inaweza kuwa na nafuu lakini ukienda pembeni ni uji, rangi ya zambarau na kijani zimechuruzika kwenye kila ukingo, na duara jeusi limekula robo ya fremu. Huwa vinaandikwa 0.35x au 0.42x kama vile ni hesabu tu ya kugawanya, sasa kioo cha bei hiyo unakiweka mbele ya lenzi iliyokuwa inaona vizuri unaifunga kitambaa. Na lingine, hiyo 18-55 yako ya kizazi cha D5300 kichwa chake kinazunguka kikitafuta fokasi, ni kiplastiki chepesi, ukikining'inizia dubwana la kioo mbele kimota kinavuta uzito ambao hakikutengenezewa. Unaweza kumaliza na lenzi mbili mbovu.

Zilizobaki nazipitia harakaharaka. Kama roho yako imekataa kabisa kuishi bila otofokasi, iko Sigma 10mm f/2.8 yenye herufi HSM, ina mota yake ndani, itafokasi kwenye D5300, lakini kuipata kwa laki 5 ni bahati. Ukikuta Nikon 16mm au Zenitar 16mm ya Mrusi usidanganyike na jina, hizo ni fishai za fulufremu, kwenye sensa yako ndogo zinakatwa pembe na kubaki digrii 105 hivi, picha imepinda kidogo kama mtu aliyelala vibaya, siyo fishai na siyo lenzi ya kawaida. Tokina 10-17mm ni ya wapiga mbizi, wanaipenda sana wale wanaopiga matumbawe kwa sababu unamkaribia kasa kabisa na maji yanayobaki kati yenu ni machache, picha haiwi na ukungu wa buluu, ila bila haozingi, yaani kasha la kuingiza kamera majini, haikuhusu na kwa Nikon nayo inataka mota ya bodi. Na msomaji mwingine mwenye mirolesi, zile kamera zisizo na kioo cha ndani, Sony au Fuji, asiumize kichwa na haya yote, kuna 7Artisans 7.5mm na TTArtisan 7.5mm, zote za mkono, mpya kabisa na bei yake ni ya kistaarabu, aende kwenye menyu aruhusu kamera kupiga bila lenzi kutambuliwa na amemaliza.

Sasa unaenda kumwona muuzaji. Beba kamera yako, beba simu yenye tochi. Hapo ulipo unyevunyevu ni mwingi na adui mkubwa wa lenzi za mtumba pwani yote, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, ni fangasi. Toa vifuniko vyote viwili, ule mkono mdogo ulioko nyuma unaoendesha apecha usukume kwa kidole ili matundu yafunguke, washa tochi uimulike kutoka nyuma kwa kuilaza upande kidogo, kisha chungulia kutoka mbele. Vumbi vijidoti viwili vitatu siyo tatizo, usimsumbue mtu bei kwa vumbi. Unachotafuta ni vinyuzi, kama utando wa buibui uliotandaza miguu kutoka ukingoni mwa kioo kuja katikati. Ukiviona ondoka. Halafu uachie ule mkono mdogo, unatakiwa uruke mara moja taaf! Ukirudi polepole ujue mafuta yameingia kwenye majani ya apecha.

Kioo cha mbele kimetokeza kama jicho la chura kwa hiyo kikague kwa kucha, siyo kwa macho tu. Mikwaruzo myembamba haionekani kwenye picha mpaka jua likiwa mbele yako, na kwenye fishai jua liko mbele yako karibu kila siku. Kisha tafuta ukuta wa bloku, simama nao sambamba kama mita 2, piga f/3.5 na piga f/8, kuza kona zote nne kwenye skrini. Kona zote zikiwa laini kidogo kwa f/3.5 hiyo ndiyo tabia yake, f/8 zitanyooka. Lakini kushoto kukiwa kukali na kulia ni uji hata kwa f/8, hiyo lenzi ilishadondoka sakafuni.

Ukishaipeleka nyumbani kuna kazi moja ya dakika 10 usiiruke. Hizi Samyang zina ugonjwa unaojulikana, alama ya infiniti iliyochorwa kwenye ringi mara nyingi siyo infiniti yenyewe. Yangu ya sasa, infiniti ya kweli iko karibu na pale palipoandikwa mita 0.7. Kwa hiyo panda juu ya dari, weka kamera kwenye tripodi, washa laivu vyu ili uone kwenye skrini ya nyuma, weka f/3.5, kuza skrini mpaka mwisho kwenye kitu cha mbali chenye ncha, mnara wa msikiti au wa simu, zungusha ringi taratibu mpaka kikate kama wembe. Chukua tipeksi weka nukta moja kwenye ringi na nyingine mkabala kwenye mwili wa lenzi. Ikikauka, hiyo ndiyo otofokasi yako. Nukta kwa nukta, f/8, twende kazini. Kile kidoti cha kijani kwenye kitundu cha kuchungulia kitawaka pia kwa sababu ya chipu, lakini kwa lenzi pana hivi kinawaka mapema mno, mimi naiamini tipeksi kuliko hicho.

Kuhusu mwanga, jua la saa 4 asubuhi, ISO (usikivu wa sensa) 100, f/8, shata (muda wa kupiga) 1/400 ya sekunde ni pa kuanzia. Ukiingia kichochoroni kivulini panda ISO 400 mpaka 800 na shata inaweza kushuka hata 1/30 kwa ukuta na mlango, kwa watu wanaotembea usishuke chini ya 1/125. Na kumbuka lenzi hii inaingiza anga kubwa kwenye fremu, kipimo kinaliona anga kinadhani kuna mwanga mwingi kinakutilia watu giza, ongeza kidogo kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa.

Hili jina la jicho la samaki lina maana nzuri ukilielewa. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani Robert Wood alijiuliza samaki akiwa chini anaionaje dunia ya huku juu, akatengeneza kamera iliyojaa maji apige kama samaki. Wewe wa Unguja unalijua hilo bila kusoma, ukizama maji yakiwa yametulia ukatazama juu unaona duara la mwanga kichwani kwako, na ndani ya hilo duara kuna anga lote, mtumbwi, minazi ya ufukweni, vyote vimebanwa humo, nje ya duara ni giza la maji. Digrii 180 za huku juu zimekunjwa kwenye digrii 97 hivi. Ndicho lenzi inachofanya, inakunja, na kwa D5300 hizo 180 utazipata kutoka kona mpaka kona. Maana yake vidole vyako, mkanda wa kamera, ndala zako na kivuli chako vyote vinaingia kwenye picha usipovitazama.

Vitu vinavyopita katikati ya fremu havipindi, vinavyokaa pembeni vinapinda. Chukua mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, ule wenye mbao mbili na mfaa katikati. Ukiuweka mfaa kwenye mstari wa katikati kabisa wa fremu utanyooka kama rula, miimo ya kushoto na kulia itatuna nje pande zote mbili sawasawa, na mlango unakuwa kama umevuta pumzi. Sogeza kamera kidogo tu, mfaa ukawa pembeni, mlango unageuka ndizi. Upeo wa bahari ni hivyohivyo, uweke katikati unyooke, inamisha kamera chini upeo utapanda na kutuna kama mgongo wa dunia, inua kamera juu bahari inakuwa bakuli. Hayo siyo makosa, ni chaguo, ila uwe umechagua wewe.

Nungwi kwa mafundi ndipo lenzi hii itakapokulipa. Usisimame mbali, kosa la kwanza la kila mtu mwenye fishai mpya ni kusimama mbali, na jahazi zima likawa kama ganda la korosho katikati ya mchanga mtupu. Ingia ndani ya chombo kabla hakijapigwa sitaha, kaa chini juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, mataruma, yaani mbavu zake, yanapanda kushoto na kulia kwako, elekeza kamera omo, kule mbele. Mbao zote zitakukumbatia, utadhani umekaa ndani ya mbavu za nyangumi, na fundi anayetia kalafati, yaani anayeziba nafasi za mbao, pale mbele anakuwa mdogo mwenye mwanga nyuma yake. Au geuka, msogelee fundi mwenye tezo mpaka tezo iwe shubiri moja kutoka kwenye kioo, kwa ruhusa yake na akiwa ameitua, mkono wake utakuwa mkubwa kama mlango na jahazi zima liko nyuma ya bega lake kali kabisa. Picha hiyo 18-55 haiwezi kukupa hata ukilala chini. Hapo ndipo ulegeze nukta ya tipeksi kidogo uzungushe kuelekea karibu, maana shubiri imo nje ya zile sentimita 40.

Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, watu wakicharazana kwa migomba na vumbi likitimka, weka shata 1/1000, ISO iende tu, inyooshe kamera mikono juu au iweke kifuani bila kuchungulia, ukiwa hatua moja kutoka kwa wanaocharazana. Nukta kwa nukta huhitaji kuangalia fokasi. Samyang ina uzuri mmoja hapa, imechorwa kwa mtindo wa stereografiki ambao haubani sana vitu vya pembeni, kwa hiyo mtu akiingia ukingoni anabaki mtu, fishai nyingi za zamani zinamfanya mkeka. Ila vilevile bi harusi au mama wa mtu usimweke konani, mweke katikati, pembeni weka kuta na miti. Na chunga kile kioo, hakiwezi kuvaa filta ya kukilinda, mgomba mmoja ukitua hapo laki zako zimekwenda. Kifuniko kivae mpaka sekunde unayopiga.

Kuna jambo naomba ulichukulie kwa uzito. Ukiwa na 18-55 mtu anajua kama umemwelekezea kamera au la. Kwa fishai, mama aliyekaa barazani ubavuni mwako anadhani unapiga mlango wa mbele kumbe yumo, sura yake yote. Hajui na hawezi kujua. Kwa hiyo kabla ya kupiga kichochoroni tazama kushoto na kulia kwako siyo mbele tu, toa salamu, sema lenzi yangu hii inachukua mpaka huku ulipo, nikupige au nisubiri. Wengi watacheka watakubali. Anayekataa msubiri apite, na kama yumo kwenye picha ambayo umeshaipiga ifute mbele yake aone.

Sasa homstei. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo, usimpigie vyumba kwa fishai. Mgeni anataka kuona kitanda kilichonyooka na dirisha lenye kona nne, ukimletea chumba kama ndani ya chungu mwenye nyumba atakataa na ana haki. Unaweza kuinyoosha picha kwa programu, Hugin ni ya bure na inakubali kuambiwa kwamba lenzi ni fishai ya stereografiki, lakini ukishainyoosha kona zimevutwa kama mpira na ukali umekwisha. Kazi ya vyumba ikiwa ya kweli na ya kudumu, weka hela pembeni utafute Nikon AF-P 10-20mm, hiyo inanyoosha mistari yenyewe, ina digrii 109, na D5300 inaipokea ukishaapdeti programu ya bodi. Ni lenzi nyingine kwa kazi nyingine. Isipokuwa mwenye homstei akikubali zile picha za kuzunguka, ambazo mgeni anageuza simu anaona chumba chote, hapo fishai ndiyo mfalme: kamera wima kwenye tripodi, picha 6 kuzunguka, 1 juu, 1 chini, Hugin anaziunga. Mweleze hilo, muonyeshe mfano wa chumba chako mwenyewe, na utoze tofauti na picha za kawaida maana saa za kompyuta ni nyingi.

Matunzo ni machache. Ukirudi kutoka ufukweni, usikimbilie kufuta kioo, mchanga uliopo juu ndio utakaokikwaruza. Puliza kwanza kwa kile kipira, chumvi ilegeze kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, ndipo ufute. Usiiache kwenye begi lililofungwa wiki nzima, iweke kwenye kontena la plastiki la chakula lenye kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya, na kila baada ya siku kadhaa itoe ipate hewa na mwanga.

Kwa hiyo huyo wa laki 3 na elfu 80 mpigie leo, usimwambie bei kwanza, mwambie akutumie picha 2, moja ya mgongo wa lenzi karibu kabisa na moja ya kioo kikiwa kimemulikwa na tochi. Akikutumia nirushie na mimi nizione kabla hujapanda daladala kwenda kuichukua.